Migomba ya Karatasi Ukutani Buhembe

Kamachumu, Muleba
Alhamisi, siku ya pili tangu tutoke kwako

Kwa Bwana Mwesiga Rutaihwa,
Ofisi ya Chumbani,
Buhembe, Bukoba.

Mwanangu mpendwa na mheshimiwa,

YAH: MALALAMIKO JUU YA KARATASI YA MIGOMBA

Mimi na mama yako tulifika salama. Kichwa cha habari hapo juu chahusika, na kimeninyima raha tangu Jumatatu. Nilifundisha darasa la saba miaka thelathini na moja, kwa hiyo nakwenda kwa namba ili usipotee njiani.

1. Mkeo Evodia ameniambia dukani kulikuwa na karatasi za ukutani za kila namna: za maua, za matofali, hata za makabati ya vitabu. Ulichagua siku mbili nzima. Mtu mwenye migomba ya babu yake hapa Kamachumu, mwendo mfupi tu kwa gari, akanunua migomba ya karatasi. Hongera.

2. Nimeikagua hiyo migomba yako kwa miwani. Mmoja una mikungu mitatu. Mwesiga, mgomba huzaa mkungu mmoja, ukavunwa, ukakatwa. Mchoraji wa kiwandani simlaumu, huenda yeye anakula tambi. Wewe umelelewa kwa ebitoke, ndizi za kwetu, na umekaa mbele ya uchawi huo miezi miwili bila kushtuka.

3. Chini hakuna nyasi zilizotandazwa. Hakuna mti wa kahawa hata mmoja katikati. Hakuna jani lililochanwa na upepo. Kibanja cha migomba cha namna hiyo kwetu ni cha mvivu au cha marehemu, na wewe nilikuona unapumua.

4. Nilikusikia kwa masikio yangu ukiwaambia wenzako wa Dar es Salaam kwenye kompyuta kwamba leo unafanyia kazi shambani kwenu. Wakakusifu kwa hewa safi. Hewa ya feni, waitu. Mara ya mwisho kushika jembe hapa ulipiga nalo picha, ukalirudisha safi kuliko lilivyotoka stoo.

5. Chumba hicho ulichokigeuza ofisi ndimo alimolala mama yako kila alipokuja kliniki. Safari hii alilala kwenye kochi, akasema ni laini. Alisema uongo.

Kwa sababu hizo, naomba kwa heshima zote ubandue karatasi hiyo, kisha uje ushike kibanja, maana wewe ndiye musika, mrithi niliyekutaja mbele ya ukoo. Usipofika kabla ya mwisho wa mwezi nitawaita tena wazee nimtaje mdogo wako Kahangwa. Wewe nitakuachia urithi wako wa karatasi. Utapogoa kwa mkasi, utapalilia kwa kitambaa chenye maji, na siku yako ikifika wakuzike hapo hapo ukutani, katikati ya migomba yako, tuone hao wa Dar es Salaam watakusifu kwa lipi.

Msalimie Evodia na wajukuu zangu wote. Msalimie pia fundi aliyebandika, maana kazi yake imenyooka. Jirani yetu Karugendo anakusalimu, ingawa nilipomsimulia alicheka mpaka akakaa chini.

Nabaki mwenye hasira na mwenye afya,

Taata yako,
Mwalimu mstaafu Nathanael Rutaihwa

N.B. Mama yako amesoma barua hii, na amekataa niifunge bila kukwambia ukweli. Kibanja ninachokuitia hakipo. Ugonjwa wa mnyauko uliingia migombani, na mwezi uliopita bwana shamba aliagiza tung'oe kila mgomba na kuufukia. Nilikuja Jumatatu kukueleza. Nikakuta umekaa na migomba nyuma yako, unacheka na wenzako, nikashindwa, nikaanza kuhesabu mikungu. Siku hizi mama yako akiamka hufungua dirisha, akatazama nje kidogo, akalifunga. Evodia alisema zimebaki roli mbili za karatasi yako. Usizitupe. Ukuta wa upande wa kitanda cha mama yako nimeupima, ni futi kumi kwa nane.