Kuku Kwenye Kiti cha Nyuma

Jumatatu, 6 Mei

Leo nimeanza shajara. Watu wakubwa wote wanazo, na ukubwa umeshabisha hodi kwangu. Shule niliiacha kidato cha pili, au yenyewe iliniacha, inategemea unamuuliza nani. Akili sikuiacha darasani. Nilitoka nayo.

Habari yenyewe: yamekuja! Magari sita ya yule daktari mzee aliyefariki mwaka jana. Watoto wake wako mbali, hawayataki, wamemkabidhi Mama Nyundo ayapige mnada Jumamosi. Mama Nyundo ndiye bosi wangu, mwenye nyumba ya mnada. Kazi yangu rasmi ni kufuta vitu vumbi kabla havijauzwa. Kazi yangu isiyo rasmi ni kuhakikisha nyumba ile haianguki, maana bila mimi ingekuwa kichuguu.

Magari yana umri mkubwa kuliko mama yangu. Taa za mbele zimetokeza kama macho ya mtu aliyefumaniwa. Na la sita, la kijani cha chupa, ndilo hilo! Babu yangu aliliendesha miaka thelathini na moja. Dereva wa daktari. Miaka yote hiyo hakukalia kiti cha nyuma hata dakika moja. Daktari alikuwa na sheria zake: dereva ni mbele, hata gari likiwa limezimwa, hata likiwa linaoshwa. Babu huliita Bi Mdogo. Bibi hajawahi kuucheka utani huo.

Jioni nikamwambia Babu kwamba Jumamosi nitalinunua, nimpakie nyuma, nimzungushe mtaa mzima watu wakodoe. Akasema kuna utani na kuna ukatili, nisimchanganyie.

Nikaapa. Basi, nimeshaapa.

Jumanne, 7 Mei

Tuna akiba ya Babu aliyopewa alipostaafu, pamoja na mchango wangu, ambao ni wa heshima zaidi kuliko wa kuhesabika. Msasa ameniambia pesa yetu itatosha tairi mbili na labda honi. Msasa ni mwenzangu kazini. Anajiona fundi kwa sababu ovaroli yake ina mifuko saba. Nimemuuliza mifuko sita kati ya hiyo ina nini. Akaifunga vifungo, mmoja mmoja.

Lakini nimepata mpango. Nimeupata nikiwa chooni, mahali ambapo hakuna wa kunikatiza.

Mnadani bei haipandishwi na gari. Inapandishwa na macho ya watu. Jicho likipenda, mkono unainuka na namba. Jicho likichukia, mkono unabaki mfukoni. Kwa hiyo dawa ni moja: gari la kijani lisitazamike!

Bahati nayo imeniangukia. Mama Nyundo amesafiri kwenda kuchukua fanicha za hoteli iliyofungwa, harudi hadi Ijumaa. Ameacha maagizo: Msasa aandae magari matano, mimi moja, kila mtu aliandae gari lake lifae kuonwa. Nimeomba la kijani. Msasa akacheka, akasema kaka, hilo ndilo bovu kuliko yote, chukua.

Nimechukua.

Wafanyakazi haturuhusiwi kununua, kwa hiyo namba atashika Babu. Ameshaitoa suti yake sandukuni. Inanuka dawa ya nondo hadi kwa jirani.

Jumatano, 8 Mei

Watu wanadhani kuchafua ni kazi rahisi. Wajaribu!

Asubuhi nilimwaga ndoo ya vumbi juu ya boneti. Upuuzi mtupu. Lilikaa kama mtu amemwaga ndoo ya vumbi juu ya boneti. Nikaosha, nikaanza upya. Vumbi la ukweli halimwagwi, linachekechwa. Nimechukua chekecheo la Bibi, nimekusanya takataka za ghala zima, nimepanda ngazi, nikachekecha polepole kuanzia paa mpaka kwenye matairi. Limekaa laini kama poda. Ungeapa halijaguswa tangu daktari akiwa na nywele.

Kisha utando wa buibui. Kuna mmoja mzuri kwenye dirisha la stoo. Nimeuchukua kwa kijiti chenye panda, nikiwa nimebana pumzi, nikauhamishia kwenye usukani. Wa kwanza ulikatika. Wa pili ulikatika. Wa tatu umekaa, na buibui mwenyewe ndani. Sikumtoza nauli.

Msasa alipita akiwa amebeba kopo la nta. Akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia ajishughulishe na watoto wake watano.

Alhamisi, 9 Mei

Bado palikuwa na tatizo. Kiti cha nyuma. Ngozi ile imepasuka kidogo tu, ukiitazama unatamani kukaa. Mtu akitamani kukaa, nimekwisha.

Nikamwazima kuku wa Bibi. Yule mwekundu anayetaka kutaga. Bibi hakuwepo, kwa hiyo sikutaka kumsumbua kwa kumuuliza.

Nimemwekea nyasi kavu kwenye kona, akazunguka mara mbili kama mpangaji anayekagua chumba, akajilaza. Baada ya saa moja nilitaka kumsogeza karibu na mlango aonekane vizuri. Akanidonoa kidole gumba. Naandika kwa taabu.

Msasa amemaliza yake. Lazima niseme ukweli: yanang'aa kama kipara. Palipokuwa na mikwaruzo amepaka rangi mpya. Viti amevipulizia dawa nyeusi. Alama za zamani za kiwandani amezikwangua kwa sababu, anasema, zilikuwa na kutu. Amejipiga picha na kila moja. Kisha akaja kulitazama la kwangu, akamwona kuku, akaenda kukaa chini kabisa kwa kucheka.

Cheka, kaka. Kesho kutwa utanifungulia geti nipite!

Ijumaa, 10 Mei

Siku ya kukagua. Wanunuzi walifika saa tatu. Wote ni watu wa magari ya kale, wana tochi ndogo na miwani miwili kila mmoja. Anayeongoza ni mama mmoja mwenye kofia pana ya bluu, mimi namwita Mama Kofia.

Walipita kwenye matano ya Msasa haraka haraka, midomo wameibana. Mzee mmoja alikwangua rangi kwa ukucha, akauliza nani amefanya hivi. Msasa akanyoosha mkono kwa fahari. Mzee akafunga macho.

Kisha wakafika kwenye lile la kijani. Kimya! Kama wamefika msibani. Nikajua mpango umeiva. Mama Kofia alichungulia usukani, akawaambia wenzake wasipumue karibu na buibui. Wakapiga picha za vumbi. Picha za vumbi! Bila shaka za kwenda kuonyeshana na kucheka. Alipofika dirisha la nyuma akamwona kuku, na chini ya kuku yai. Akaziba mdomo kwa mkono, machozi yakamlengalenga.

Nikaona nikandamize. Nikawaambia injini imekufa, panya wamekula nyaya. Mama Kofia akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli hakuna aliyeligusa tangu enzi za daktari. Nikamwambia mama, nani athubutu kuligusa? Wakaandika. Wote, kila mmoja kwenye kidaftari chake.

Hapo Mama Nyundo akaingia, ametoka safarini. Aliliona gari, akanitazama kwa uso ule wa kumfukuza mtu. Akaja mbio. Lakini njiani akasikia wanachozungumza wanunuzi, akasimama, akageuka nyuzi mia na themanini, akaninong'oneza nisiguse kitu. Hata kuku.

Hivyo basi nimemshawishi na Mama Nyundo, tena bila kufungua mdomo.

Tatizo likawa Babu. Alikuja mchana na suti yake kuliona. Alisimama hatua tano kutoka kwenye gari, akawa kama mtu aliyekuta mkewe amelala barabarani. Akatoa leso, akaenda moja kwa moja kufuta kioo. Nilimdaka mkono. Wanunuzi watatu wakamdaka mkono wa pili.

"Daktari angenifukuza kazi kwa nusu ya vumbi hili," aliniambia.

Usiku hakula. Nimemweleza mpango wote kwa utaratibu. Amesema ameelewa, lakini leso bado ameishika.

Jumamosi, 11 Mei

Ukumbi ulijaa. Msasa na mimi tulisimama pembeni na glavu nyeupe. Babu mstari wa pili, namba kumi na nne, mgongo umenyooka kama yuko kazini.

Matano ya Msasa yalikwenda upesi. Watu walinyoosha namba kama wanaofukuza nzi. La nne liliuzwa kwa mtu mmoja aliyesema anataka vipuri tu. Msasa alikunjakunja mfuko wa saba wa ovaroli. Nilimwonea huruma kwa muda wa kupiga chafya moja.

Kisha la kijani. Mama Nyundo hakulisifia. Alisema neno moja: halijaguswa. Akataja bei ya kuanzia.

Ile bei ya kuanzia ilikuwa juu ya akiba yetu!

Babu akanyoosha namba. Nikadhani hakusikia. Kumbe alisikia. Mama Kofia akapandisha, mzee wa ukucha akapandisha, Babu hakushusha mkono hata kidogo, na kila Mama Nyundo akizungusha macho anaikuta kumi na nne iko juu, anaihesabu. Bei ikapita akiba, ikapita nyumba yetu na bati lake. Niliruka viti viwili, nikamng'ang'ania mkono.

"Niache," akasema, wala hakunitazama. "Miaka thelathini na moja mkono huu ulikuwa kwenye usukani wake. Leo ndio niushushe?"

Wakabaki wawili, yeye na Mama Kofia. Mama Kofia akapandisha tena. Mama Nyundo akamtazama Babu, nyundo iko hewani, akauliza taratibu, "Mzee?"

Ukumbi mzima ulimgeukia. Nilikuwa nimeacha kuuvuta ule mkono. Sijui kwa nini. Babu alilitazama gari, akanitazama mimi, akaushusha mwenyewe.

Nyundo ikalia.

Lakini shughuli haikuishia hapo. Mama Kofia alitaka kuondoka nalo. Fundi wake akahangaika nusu saa, injini ikakohoa na kunyamaza. Babu aliyekuwa amekaa peke yake akainuka, akasogea, akamwambia fundi avute choki nusu, si yote, akanyage mafuta mara mbili kisha aache, na wa kusukuma waje, maana betri haina roho. Mama Kofia akamuuliza amelijuaje. Babu akamwambia. Mama Kofia akamwomba basi aliendeshe hadi kwake, atamlipa vizuri.

"Udereva nimestaafu," Babu akasema. "Nikipanda, napanda nyuma."

Nilitaka kujificha. Mama Kofia alimtazama, akamtazama tena. Kisha akaenda kumfungulia mlango wa nyuma kwa mkono wake mwenyewe. Babu alifuta sehemu yake kwa leso, akaketi pembeni ya kuku, akarekebisha tai. Mama Kofia akashika usukani. Kusukuma, tukasukuma mimi na Msasa. Lilipowaka lilinipulizia moshi wa miaka yote usoni. Babu hakugeuka. Aliinua mkono tu, vile wanavyoinua marais.

Jumapili, 12 Mei

Jana walizunguka mtaa mara tatu! Watu walitoka nje, wengine na miswaki mdomoni. Babu aliwaamuru wote, Mama Kofia ndiyo kabisa: punguza, kata kona, gia ya pili, usimkimbize. Akashushwa mlangoni kwetu. Tangu jana anatembea ndani ya nyumba na suti.

Majirani wananiuliza gari langu liko wapi, si niliwaambia nanunua? Nimewaambia nimeamua kulikodisha kwanza.

Bibi anadai kuku wake. Nimekwenda kwa Mama Nyundo, akanisomea sheria ya mnada: mali inauzwa kama ilivyo, pamoja na vilivyomo. Kuku alikuwemo. Na Mama Kofia amekataa katakata kumtoa, anasema kiota ni sehemu ya historia ya gari.

Nilipomfikishia Bibi habari hiyo aliendelea kupepeta mchele wake, kisha akasema Bi Mdogo alianza na mume, sasa amemaliza na kuku.

Jumatatu, 13 Mei

Mama Nyundo ameniita ofisini. Nilikwenda nimejiandaa kujitetea. Akanipa ovaroli mpya ya mifuko minane! Akasema kwa uongo wa kiwango changu angenitimua, lakini vumbi langu limeipandisha bei mara tatu, na kama nikirudia bila ruhusa atanipiga mnada mimi.

Bei mara tatu kwa ajili ya vumbi. Maskini. Uchovu wa safari. Nimemwitikia tu, mtu mzima habishiwi.

Mimi najua jambo lilikoharibikia. Nimekaa nikalichambua usiku kucha. Vumbi lilikuwa jembamba mno! Umbo la gari lilikuwa bado linaonekana, ndiyo maana walilipenda. Mchafuaji wa kweli hafanyi kazi nusunusu.

Mwezi ujao zinakuja pikipiki za zamani, nne, za fundi saa mmoja. Nimeshachagua yangu. Nimeshamwapia Babu.

Na leo sikutaka kuacha kitu kwa bahati. Mama Kofia alipopita kuchukua karatasi zake nilimvuta pembeni, nikamtahadharisha kama mama yangu: kuna pikipiki moja inakuja, imeoza, haijaguswa miaka arobaini, nyigu wamejenga ndani ya taa, asijipotezee muda wake kuja kuitazama. Akanishukuru sana. Akatoa kidaftari, akaniuliza tarehe, akaiandika na kuipigia mstari mara mbili.

Bila shaka ili asije.