Chumvi ya Kumupimia Lucien

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 14 mwezi wa tatu 1983

Leo nilishinda! Ku bomba ya maji, mbele ya bamama bote, nilieleza campus ya Lubumbashi tangu mulango mpaka jikoni. Nilisema serikali inamulalisha Lucien yangu, inamulisha, inamutibu, inamuchezesha. Kitanda bure. Chakula bure. Daktari bure. Teatre, mupira, kwaya, kila muntu anachagua. Na kuko mama moja, banamuita assistante sociale, anakaa ku meza yake: mwanafunzi akiwa na shida anaingia, analia, anatoka na jibu. Bamama balibaki kinywa wazi. Minyi Germaine Mbombo, nilisoma mpaka mwaka ya ine ku masomo ya ba ma-sœur, na tumbo yangu njo ilizaa ile kichwa!

(Ku campus anaitwa Citoyen Ngoie. Lucien ni jina ya nyumba na ya misa. Serikali haipendi majina ya batakatifu.)

Kisha Mama Salomé aliharibu. Ni muke ya sergent Likoke, bantu ba jimbo ya Équateur, banaishi ku Base, kambi ya basoda ba ndege. Binti yake Salomé naye iko campus. Habari yangu inakuja na treni, inalala njiani. Habari yake inapanda ndege ya basoda. Anajua bintu mbele yangu, na hii njo inaniuma. Alisema pole pole, na ile Swahili yake ya harufu ya Lingala, kwamba Salomé aliona chumba ya Lucien. Kuko kichwa ya muntu juu ya étagère ya vitabu. Mifupa tupu. Inaangalia kitanda.

Bomba iliendelea kumwaga. Hakuna aliyesukuma ndoo yake.

Nilijibu mbio. Nilisema banafunzi ba kweli, serikali inabapatia mufu ya kusomea. Salomé yako banamupatia karatasi tu? Ee, pole, mama.

Nilibeba ndoo na shingo juu. Kufika nyumbani, ndoo ilikuwa nusu. Ile ingine ilimwagika mu njia.

Bwana yangu Xavier anageuza njia za treni ku gare. Nilimuuliza. Alisema mutoto iko muzima. Xavier anasema vile juu ya kila kintu. Alisema vile juu ya kuku yetu, na kuku ilikuwa imesha kufa.

Siku ya tano, tarehe 18

Bantu banaanza kunisalimia na sauti ya chini. Ku mustari ya mukate balinipisha mbele. Nilifurahi. Kisha niliwaza: sababu gani?

Philémon alirudi kutoka Lubumbashi na treni. Ni rafiki ya Xavier, kazi yake ku mafreni ya treni. Nilikuwa nilimutuma aende kuchungulia Lucien. Alimuona. Aliniambia akiwa anaangalia viatu vyake.

Alisema jua ilikuwa inaingia. Nyuma ya campus kulikuwa mustari ya bavijana, banatembea pole pole, mu majani marefu. Uso nyeupe. Mikono nyeupe. Pemba tupu. Lucien alikuwa wa mwisho. Philémon alimuita na jina ya nyumba. Lucien aligeuza uso, aliinua mukono, hakusema neno. Balipita. Philémon anasema majani hayakulia.

Pemba! Kwetu Baluba ile udongo nyeupe haiko ya urembo. Ni rangi ya bale ba upande ingine.

Nilimwambia Philémon kwamba ile ni uniforme ya bale ba kwanza mu darasa. Aliendelea na viatu.

Na dada yangu Émerence alikuwa amesikia yote! Alifika jana kutoka Kinkondja, ku ziwa, na samaki yake ya kukausha, na masikio yake. Alinikalisha chini. Alisema ku ziwa banajua hii mambo tangu bankambo, bababu ba zamani. Kuko bantu banakufa mbele ya siku yao. Bale habaende chini. Banaenda ku muji ya mbali, kwenye hakuna ndugu ya kubajua. Kule banapata kitanda, banapata chakula, banapata kazi na marafiki. Habari yao inafika, salamu inafika, na weye mama unafurahi. Kintu moja tu habaweze. Habakule chumvi.

Muji kwenye banakulalisha na kukulisha bure. Nilisikia maneno yangu ya bomba ikirudi, na kinywa ya muntu ingine.

Siku ya posho, Jumamosi, tarehe 19

Shauri! Nilikuwa nalo asubuhi, mbele ya chai.

Nitamutumia Lucien samaki ya Émerence. Nilipaka chumvi. Nikapaka tena. Émerence alisema ile sasa haiko samaki, ni mwamba. Nilisema vizuri, mwamba haidanganye. Kama anakula, iko muzima, na minyi nitaenda ku Base kumucheka Mama Salomé mpaka meno ikauke. Kama hakule...

Sikumaliza hii mustari.

Philémon alibeba furushi. Xavier aliuliza ni nini. Nilisema ni upendo. Alisema upendo inanuka.

Siku ya posho, tarehe 26

Samaki ilirudi.

Yote. Kamba yangu, fundo yangu. Philémon aliiweka ku mulango, hakuingia. Alisema Lucien anashukuru sana, lakini sasa yeye haguse chumvi. Hata kidogo. Hata mu mboga ya sombe. Nilimuuliza sababu. Alisema treni ilikuwa inapiga filimbi, hakupata sababu.

Nilikaa na furushi ku magoti. Ilikuwa nzito kupita siku ya kuituma. Nilipima na mukono ya kuume, na ya kushoto. Nzito.

Na njo Mama Salomé alipita! Saa ile ile, utasema alitumwa. Alinusa hewa. Alisema: "Mama Lucien, mutoto alikataa chakula ya mama yake?" Nilicheka. Nilisema ku restaurant ya campus banakula nyama mpaka banatupa, samaki ya nini? Ningekuwa nilishinda. Lakini Émerence alitoka ndani, aliona furushi, aliweka mikono ku kichwa na kulia ile kilio yenyewe, ya ku Kinkondja, inayovuka ziwa na kurudi.

Mama Salomé alivua kitambaa ya kichwa. Taratibu. Sawa vile banavua mu nyumba ya matanga.

Nilimwambia ajifunike, hapa hakuna mufu. Aliniangalia na huruma. Huruma, ya Mama Salomé! Afazali anipige.

Siku ya tatu ya juma, tarehe 30

Shauri ya pili, kubwa kupita ya kwanza. Philémon alipitisha neno mu telefone ya gare: Mama Ngoie anaumwa sana, mutoto akuje. Xavier hajue kwamba ni uongo. Akijua atasema mama iko muzima, na kila kintu itaharibika.

Sasa ni lazima niumwe. Niko mu kitanda tangu juzi. Bamama banakuja na unga, na mayai, na maombi. Mayai ni mazuri. Lakini habaniulize ninaumwa wapi. Banakaa chini ya ukuta, banaongea juu ya Lucien. Alikuwa mpole. Alikuwa anasalimia bakubwa. Alikuwa, alikuwa! Nililala, niligeukia ukuta, nilifunga meno. Kama ninasema iko, bataniuliza nilimuona siku gani.

Saa sita ya muchana bote balirudi kupika. Émerence alikuwa ku soko. Jua ilikuwa nyeupe, hata kivuli ya nyumba haikuonekana. Hakuna kuku, hakuna treni.

Muntu aliniita ku inje. "Mama."

Mara moja.

Sauti yake. Na kila mutoto ya Muluba anajua sheria: ukiitwa mara moja, usijibu. Bazima banaita tena. Nilingoja. Nilitia kitambaa mu kinywa ili kinywa isijibu yenyewe. Hakuna mara ya pili. Nilichungulia. Barabara ilikuwa tupu mpaka ku reli.

Nililia, lakini bila sauti, juu ya majirani.

Siku ya tano, tarehe 1 mwezi wa ine, siku Yesu anakufa

Nitaandika pole pole.

Kengele ya misioni inanyamaza leo, ni sheria. Mvua ilianguka tangu asubuhi. Nyumba ilijaa bamama, Mama Salomé katikati, na rozari yake ya Base. Xavier alikuwa ku kazi. Minyi mu kitanda. Saa Yesu anakata roho, muntu aliita ku mulango.

"Mama."

Mara moja. Bote balisikia. Rozari ilisimama. Tulingoja ya pili. Haikukuja.

Mulango ilifunguka. Lucien alisimama pale. Nyeupe. Nywele, kope, midomo, mikono, nyeupe, na mvua ilichora mistari mu ile weupe, utasema analia mwili muzima. Alifungua kinywa, na sauti haikutoka. Ilitoka moshi kidogo, nyeupe.

Ee Mungu! Bamama balipita ku dirisha. Dirisha yangu ndogo, na bote bamama ba kilo yao! Émerence alipita na pazia. Mama Salomé alitangulia, aliacha kiatu moja na rozari.

Minyi nilibaki. Haiko uhodari. Miguu ilikataa, kisha roho nayo ilikataa. Niliwaza: kama ni mufu, ni mufu yangu. Nilimulisha siku ya kwanza, nitamulisha na ya mwisho. Nilitoka mu kitanda, nilichota chumvi mu bakuli, nilimupelekea mu kiganja. Nilimwambia: kula, baba yangu, kula kidogo, juu ya mama yako.

Alitikisa kichwa. Hapana.

Njo dunia yangu ilianguka pale.

Kisha alipiga chafya. Chafya kubwa, ya baba yake, na nyumba ilijaa unga. Alisema, na koo kavu: "Mama, maji!"

Bafu habapige chafya. Émerence alithibitisha hii, nyuma ya dirisha.

Alikunywa, alieleza. Treni ilijaa, alipanda mu wagon ya mizigo, juu ya magunia ya unga ya mahindi, na ingine ilipasuka. Aliita mara moja sababu koo ilifungana. Kichwa ya mifupa ni ya Jéthro, banachangia chumba, yeye anasomea udaktari. Pemba ni ya teatre: banacheza bankambo banaorudi, na mukubwa ya troupe anabakataza kuongea mpaka mazoezi iishe. Tikiti ya treni alipewa na ile mama ya ku meza, assistante sociale. Alimusikia akilia juu yangu, na alipanga safari saa ile ile.

Na chumvi? Alivua kiatu. Muguu ilivimba. Nilisukuma na kidole, shimo ilibaki. Lakini muguu ilikuwa ya moto, ya moto kabisa, na nilishika ile moto na mikono yote mbili. Daktari ya campus aliona figo yake inaumwa, mbele ya yeye mwenyewe kujua. Alimwambia: dawa, kupumuzika, na chumvi usiguse, itakumaliza. Sasa inaanza kupona. Alisema bila ile dispensaire ya dawa, leo kilio yenu ingekuwa ya kweli.

Niliwaza samaki yangu. Mwamba yangu. Niliisukuma chini ya kitanda na muguu.

Yesu alingoja siku ya tatu. Lucien yangu alirudi Ijumaa!

Xavier alifika, alimuangalia, alipangusa unga ku bega yake. Alisema: nilisema iko muzima. Kisha alienda nyuma ya nyumba, na alikawia kule.

Nilimuuliza Lucien kintu moja ya mwisho: siku ya tatu, saa sita ya muchana, ni yeye aliniita? Alisema siku ya tatu alikuwa angali Lubumbashi.

Hatukuongea tena ile.

Siku ya Mungu, tarehe 3, Pasaka

Ku misa nilikaa mbele. Lucien kuume, Xavier kushoto, na kiatu ya Mama Salomé mu sanduku yangu, juu ya kumurudishia mbele ya bantu. Lucien alinilomba jana, na alinishika mikono: Mama, usipime bantu na hadisi ya ziwa. Ukiwa na woga, uliza. Kuuliza ni bure. Niliapa. Maneno mazuri! Ile mutoto anaongea sawa kitabu.

Nilirudisha kiatu. Nilieleza figo, daktari, tikiti, teatre. Bamama balipiga mikono. Mama Salomé alikaza midomo, kisha alisema Salomé yake alifika jana na ndege, na campus ilimufundisha yeye kintu kubwa: piscine, kisima ya kuogelea. Anaingia mu maji mazima mazima. Anakaa chini kule mpaka benzake banaanza kuogopa. Anatoka, anavua kofia ya mupira, na nywele ni kavu.

Kavu!

Nilimuangalia vizuri. Maskini, anacheka, hajue kitu. Nilimuuliza, chini chini, kama Salomé anakula. Alisema tangu kufika hakule vizuri, anasema amechoka.

Chini ya maji. Nywele kavu. Hakule.

Mbele ya Lucien kulala, nilimwambia ninaenda kusalimia bagonjwa. Chumvi iko mu fundo ya kitenge, ile ya ngumu. Nilibeba na unga kidogo ya matanga, na Émerence anakuja nyuma, koo yake iko tayari juu ya kilio. Hatuwezi kufika ku Base mikono mitupu, siku mwenzetu anapoteza mutoto.