Tinti ya Gari la Baba

Jumapili, 3 Agosti
Nimeamua. Lazima vioo vya gari la Baba viwekwe tinti nyeusi. Jana, Sabato, tukienda kanisani tulisimama kila kona ya Manga. Huku kwetu humpiti mtu bila salamu, na Baba hampiti hata mbuzi. Kila mlango wa gari ulipofunguliwa, swali likawa lilelile: huyu ndiye Kemuma? Mbona haongei? Nikajificha nyuma ya riwaya. Wakaniuliza inahusu nini! Hata hivyo namshukuru Mungu kwa gari. Wengine walitembea.

Jumatatu, 4 Agosti
Mpango umeanza. Baba hupeleka ndizi mbichi soko la Kisii. Nikamweleza kwamba jua linalopita kwenye vioo huziivisha njiani. Mama akacheka hadi akaweka sufuria chini. Akauliza tangu lini ndizi ikaiva kwa mwanga. Yeye huzifunika kwa gunia gizani, au mimi nimezaliwa Nairobi? Mogire, mdogo wangu, sasa ananiita Profesa wa Ndizi. Nimeaibika. Lakini Baba alitoka nje, akalitazama gari. Ee Mungu, asante kwa mtazamo ule.

Jumatano, 6 Agosti
Ushindi! Baba amerudi kutoka mjini na vioo vyeusi tititi. Eti fundi Okeyo alimwambia sasa anafanana na mheshimiwa. Basi si hoja yangu iliyoshinda. Sijali. Jioni tulizunguka Manga nzima nikasoma sura mbili bila kuulizwa neno. Baba alipungia mkono kila mtu. Hakuna aliyeitikia. Asante, Okeyo!

Alhamisi, 7 Agosti
Balaa. Celestine wa kwaya ameniambia Nyanchoka, yule bibi jirani yetu, amekasirika. Anasema Anyona, yaani Baba, alimpita yeye akiwa na kikapu cha majani ya chai mgongoni, kana kwamba hamjui. Sasa amekuwa nani? Anaficha nini humo ndani? Na Nyanchoka yumo kwenye kamati inayochagua wazee wa kanisa! Majina yanasomwa Sabato hii. Baba amengojea kuchaguliwa tangu nikiwa mdogo. Mwaka jana jina lake liliporukwa, alisema amina kwa sauti kuliko wote. Nilimweleza yote tukila ugali. Hakunilaumu. Nashukuru, ingawa angenifokea kidogo ningelala vizuri.

Ijumaa, 8 Agosti
Nilidhani atabandua tinti. Wapi! Kitu kimelipiwa. Ameshusha vioo vyote, tukapanda kilima kwenye mvua, yeye kichwa nje, akisalimia. Bwakire huku, bwakire kule. Tukamkuta Nyanchoka. Akatutazama tulivyolowa, akamuuliza Baba kama gari limekuwa bafu. Kisha akacheka, akaketi mbele. Mimi nikahamia nyuma, juu ya ndizi. Riwaya imevimba kama andazi.

Jumamosi, 9 Agosti
Jina la Baba limesomwa! Safari hii amina yake haikusikika kabisa. Alikuwa anatafuta leso. Nyanchoka akasimama, akaliambia kanisa zima kwamba wamepata mzee ambaye akikusalimia, analowa yeye kwanza. Nililia nyuma ya kitabu cha nyimbo. Asante, Bwana. Asante kweli.

Ila mzee wa kanisa hutembelea nyumba zote. Kila Sabato alasiri! Na Baba ameshatangaza kwamba msomaji wa fungu la Biblia, nyumba kwa nyumba, atakuwa binti yake. Vioo vitabaki chini. Watu hawafungui hata mlango wa gari tena, wanaingiza mkono dirishani tu na kunishika.

Jumapili, 10 Agosti
Nimefikiri sana nikichuma chai. Kosa langu sasa naliona wazi. Nilitia giza gari zima, ndiyo maana watu wakamkosa Baba. Kinachohitajika ni giza dogo, la mtu mmoja. Kisii wanauza miwani myeusi, mikubwa, inayofunika hadi mashavu. Nitamwambia Baba kwamba jua la alasiri huumiza macho ya msomaji wa Biblia. Safari hii Mama hawezi kutaja ndizi. Nitaingia kila nyumba ya Manga nimevaa miwani hiyo, na hakuna hata mmoja atakayeniona.