Maporomoko Niliyoyasikia kwa Mbali

Jumatano, 4 Juni
Dharau! Nimependekeza familia yote iende msituni Jumamosi kuona maporomoko ya maji. Mke wangu akauliza, mbele ya mama yake, nani atatuongoza. Nani! Kabla sijafungua mdomo, shemeji yangu, kaka yake, akajitolea. Anaendesha basi la shule, basi anajiona ramani inayotembea. Nikatangaza kwamba msitu ule naujua nje ndani. Sijawahi kuukanyaga. Lakini hilo linamhusu nani?

Alhamisi, 5 Juni
Nimefunika cherehani mapema, nikaenda msituni peke yangu. Langoni pana kibao: "Njia rahisi, nusu saa, hata kwa watoto." Matusi! Njia ya watoto inahitaji kiongozi wa nini? Nikajichagulia njia ya mkato, nikafunga vitambaa vyekundu kwenye matawi mpaka niliposikia maji yakinguruma. Nikageuka. Kuyaona nitayaona Jumamosi.
Vitambaa ni masalio ya gauni la mama mkwe. Nilimwambia kitambaa hakikutosha kwa mikono mirefu. Fundi gani asiyebakisha?

Jumamosi, 7 Juni
Nimehujumiwa! Hakikuwepo kitambaa hata kimoja. Ningefanyaje? Nirudi nyuma, shemeji anikenulie meno? Nikaendelea kifua mbele. Nikawapeleka kwenye matope, kisha kwenye upupu. Wanangu wawili walijikuna wakilia. Mke wangu alijikuna kimya, na kimya chake ndicho kilichoniwasha zaidi. Baada ya saa mbili tukatokea nyuma ya choo cha langoni.
Hapo alisimama mlinzi wa msitu, mama mmoja mkali, ameshika furushi jekundu. Akauliza ni nani aliyeijaza takataka miti yake. Nikasema ni wahuni wa siku hizi. Mama mkwe akachomoa kitambaa kimoja, akakigeuza huku na huku, akakilinganisha na gauni alilovaa.
"Mkwe wangu," akasema taratibu, "kumbe mikono yangu imehamia msituni."
Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akawapeleka kwa njia ya watoto. Mimi nikabakizwa na mlinzi kufagia majani langoni, eti adhabu. Mtu mzima! Fundi mwenye kibanda chake! Kelele za furaha za wanangu zilinifikia pale pale. Mama mkwe, miaka sabini, na ndala miguuni, alifika wa kwanza.

Jumapili, 8 Juni
Nashona mikono tangu asubuhi. Viraka kumi na saba kila mkono, na mama mkwe amekaa mbele yangu, hapepesi macho. Hakuna aliyenishukuru! Hakuna anayekumbuka kwamba wazo la safari lilikuwa langu. Mezani shemeji akasimulia upya tulivyotokea chooni, watoto wakampigia makofi. Wanangu mwenyewe! Uvumilivu ukaniishia. Nikasimama, nikatangaza kwamba Jumamosi ijayo tunakwenda ziwani, na nitawafundisha wote kuogelea.
Mke wangu akauliza mimi nilijifunza lini kuogelea.
Swali la dharau kabisa. Nitajifunza Ijumaa.