Kabati la Stelingi

Jumatatu, 3 Machi

Radi amepoteza sauti. Balaa!

Radi ndiye mtafsiri wa ukumbi wa sinema wa mjomba. Picha inaongea Kiingereza, yeye anakaa kando na kipaza sauti, anaongea Kiswahili. Wanaume, wanawake, vichanga, polisi, wote koo moja. Jana kashangilia mpira mpaka koo likagoma. Leo kaja na shali shingoni, ananong'ona kama anayeuza siri.

Mjomba kakaa benchi la mbele, kashika tama. Ukumbi umepwaya siku nyingi. Watu wana simu, wanatazama picha wamejilaza. Kinyozi wa mlango wa pili anakitaka chumba chetu, aunganishe na chake, aweke viti vya kuzunguka. Mjomba amempa neno lake: Jumamosi hii ukumbi usipojaa, chukua. Kinyozi hakungoja Jumamosi. Kaingia mchana na tepu ya kupimia, kapima ukuta huku anaimba, kaondoka, tepu kaisahau kwenye benchi.

Niandike ukweli hapa, maana kwingine sithubutu. Ukumbi ule ndio mahali pekee ninapoweza kukaa katikati ya watu bila mtu kunitazama. Giza, na wote wanaangalia mbele. Shuleni mwalimu wa hisabati huniita "wewe binti wa nyuma". Mwaka wa pili huu! Nina jina. Ni fupi hata.

Nikamwambia mjomba nitatafsiri mimi. Sijui nani aliyasema maneno hayo. Yalitoka kinywani mwangu, ila mimi sikuwepo.

Binamu, mwanawe mjomba, mkata tiketi wetu, kacheka mpaka kakaa chini. Kauliza Bubu atatafsiri kwa vidole? Bubu ni mimi.

Jumanne, 4 Machi

Mjomba kaniachia nichague picha. Kosa lake.

Nimechagua ile niipendayo. Wapangaji wa jengo kuukuu wanaambiwa wahame, libomolewe. Hawataki. Basi, ndiyo hadithi yote. Waigizaji wamejaa tele, na hakuna hata mmoja mwenye jina. Ni zile sura ulizoziona mahali: yule aliyefungua mlango kwenye picha fulani, yule aliyekuwa nesi, yule aliyepigwa risasi kabla hujakaa vizuri. Hapa wamekutanishwa wote, na kila mmoja anaigiza kana kwamba hadithi ni yake. Kuna mama anamenya viazi. Mwanawe anamwambia anaondoka. Mama hasemi kitu, na kisu hakisimami. Nimeitazama mara nyingi, na pale bado napumua vibaya.

Nani anawakumbuka watu hawa? Wanamaliza kazi, wanapita dukani kununua mkate, na muuza mkate anawarudishia chenji bila kuinua macho. Labda wanapenda hivyo. Labda hawapendi, ila hakuna aliyewauliza. Nimewaza hili mpaka chai ikapoa.

Mjomba katazama nusu saa, kisha kauliza: stelingi nani?

Hapo sasa. Kwenye ukumbi wetu kila picha lazima iwe na stelingi, yule mmoja mwenye picha yake, anayepigwa na wote na kuwashinda wote, na asiyeweza kufa hata akidondoka ghorofani. Fundi wa cherehani, yule mama wa kiti cha mbele mwenye mto wake aliojishonea, huuliza kwa sauti kabla taa hazijazimwa: "Stelingi nani?" Asiporidhika na jibu hubeba mto wake akaenda. Na nusu ya ukumbi humfuata.

Nilifungua mdomo niseme hakuna.

Nikasema: yule mwenye masharubu.

Jumatano, 5 Machi

Tatizo dogo. Mwenye masharubu anakufa.

Tena mapema! Moyo unamsimama kwenye ngazi, akimbebea jirani ndoo ya maji. Kutwa darasani nimejiuliza kwa nini nilimtaja yeye kati ya watu wote wale. Nadhani ni yale masharubu. Mtu akishtuka hushika kilicho karibu.

Nikaenda ukumbini niungame. Nikakuta binamu keshachora bango. Masharubu yamejaa mlango mzima, kama ndege wawili wanaogombana. Chini kaandika STELINGI HASHINDWI. Na ndani mjomba alikuwa anafuta mabenchi huku anapiga mluzi. Sijamsikia akipiga mluzi muda mrefu sana. Ungamo likarudi lilikotoka.

Halafu, nikiwa njiani kurudi nyumbani, wazo! Watazamaji wetu hawakifuati Kiingereza kile cha haraka. Wanajua kile wanachoambiwa. Na wa kuwaambia ni nani? Basi mwenye masharubu hafi. Nitamwokoa kwa tafsiri.

Mimi ni hatari.

Alhamisi, 6 Machi

Mazoezi na Radi, baada ya shule. Kaninong'oneza kwamba sauti itoke tumboni. Yangu ilitoka puani. Kasema nijaribu tena. Nikamwomba niruhusiwe kukaa nyuma ya pazia. Kakubali, labda kwa huruma.

Tulipofika kwenye ngazi nikamweleza mpango: mwenye masharubu amechoka, amelala kidogo. Radi kauliza, na jeneza je?

Ndiyo. Kuna jeneza. Wapangaji wote wanalishusha ngazi.

Nikamwambia ni kabati. Wanahamisha kabati.

Radi kaikaza shali shingoni. Kisha kanong'ona kwamba miaka yote ya kazi hii ametia chumvi nyingi, majambazi amewapa majina ya mashemeji zake, mapadri amewaonyesha wamelewa, lakini hajawahi kufufua mtu. "Mwanangu," akasema, "maiti ni maiti."

Mtafsiri wa kizamani. Hana ubunifu.

Ijumaa, 7 Machi

Kinyozi kaja kufuata tepu yake. Mjomba alikuwa anaitumia kupimia nafasi za mabenchi ya ziada, yale ya kuazima. Kinyozi kasema haya, tepu ibaki, kesho atakuja mwenyewe kuuaga ukumbi, akae kiti cha mbele. Akitoka kasimama mbele ya bango, kainamisha kichwa, kasema masharubu ya kushoto yamekatwa vibaya. Binamu kamwambia akakate ya kwake kwanza. Nusura wakunjane.

Sina njaa. Mama kauliza nina nini. Nikasema mtihani.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeketi chumbani. Niandike kwa utaratibu.

Ukumbi ulijaa! Watu walisimama mpaka mlangoni. Picha ilikuwa ianze saa tisa alasiri. Mimi nyuma ya pazia, nimekumbatia kipaza sauti kama kuku. Fundi wa cherehani akauliza swali lake. Nikajibu kwa sauti ya tumboni: mwenye masharubu! Makofi. Mwenye masharubu alipotokea, makofi tena. Akafunga mlango, makofi! Nikaanza kufurahia. Nilisahau kuogopa, na hilo halijawahi kunitokea mbele ya watu, hata wakiwa upande wa pili wa pazia.

Kisha ngazi. Ndoo ikaanguka, maji yakamwagika, naye chini. Nikasema amechoka jamani, amejipumzisha.

Mtu mmoja nyuma akauliza, kwenye maji?

Nikaharakisha. Likaja jeneza. Nikasema polepole, wandugu, msilikwaruze, kabati hili ni la urithi!

Fundi wa cherehani akageuka kwenye kiti chake, akaliuliza pazia langu kabati gani linavikwa maua. Na Kinyozi, kwa sauti ya kufika barabarani, akasema mwacheni mtoto, hamwoni wamevaa nyeusi, kabati lilikuwa shangazi yao!

Ukumbi ukapasuka. Vicheko, miluzi, watu wanapiga mabenchi. Mimi nikakauka. Kipaza sauti mkononi, ulimi umelala kama mwenye masharubu. Picha ikaendelea na Kiingereza chake. Binamu akapaza sauti mlangoni: "Bubu karudi!" Nikasikia mabenchi yanakwaruza sakafu. Watu wanainuka. Nilichungulia nikamwona mjomba ukutani, uso wake umekaa kama wa mtu anayesubiri jino ling'olewe. Ukumbi unakwenda, na anayeuondoa ni mimi.

Kwenye picha, mama alikuwa anamenya viazi.

Fundi wa cherehani alikuwa amesimama, mto kwapani. Hakuondoka. Alitazama kile kisu. Pale hakuna maneno mengi, mtoto anasema sentensi moja tu. Fundi akasema polepole, si kwa mtu yeyote, kwamba anaondoka huyu, anamuaga mama yake. Akakaa. Na kwa kuwa mama yule wa kwenye picha hasemi kitu, akamsemea yeye: "Nenda. Lakini ule kwanza."

Hakuna aliyecheka. Waliosimama wakakaa mmoja mmoja.

Baada ya hapo sijui ilikwendaje. Kila mtu akachukua mtu. Mjomba akamsemea mlinzi wa jengo. Radi akamchukua mzee mgonjwa wa chumba cha chini, na mnong'ono wake ukamfaa kuliko sauti ya kawaida. Muuza maji wa mtaa wetu akagombana na mkewe, na mkewe hakuwa kwenye picha. Walipokwama niliwapa maneno. Wakati fulani nikagundua nimetoka nyuma ya pazia, nimekaa sakafuni kati ya mabenchi, nasema "hapa anamwomba msamaha", "hapa anadanganya", na hakuna aliyegeuka kunitazama. Wote walikuwa na kazi.

Kinyozi alimchukua mwenye jengo. Alizomewa vizuri sana! Kadiri walivyomzomea ndivyo alivyonogewa. Lakini mwishoni mwenye jengo anabaki peke yake kwenye chumba kilichohamwa, anatoa tepu, anaanza kupima ukuta. Ukumbi mzima ukamgeukia Kinyozi. Mwenye jengo hakusema kitu, na Kinyozi naye kimya. Tepu inavutwa tu. Kisha Kinyozi akakohoa, akasema kwa sauti ndogo:

"Ukuta wenyewe una unyevu."

Taa zilipowashwa, watu walikaa kidogo kabla ya kuinuka. Stelingi hakutajwa tena.

Jumapili, 9 Machi

Kinyozi kaja asubuhi. Kazungukazunguka, kagusa ukuta, karudia kwamba una unyevu, viti vyake vingeota kutu. Basi mjomba akae nacho hicho chumba chake kwa sasa. Akafika mlangoni, akarudi. Akauliza, kana kwamba si yeye aliyekuja kuuliza, kama kwenye picha ya Jumamosi ijayo kuna mtu mbaya. Yeye ana nafasi.

Tepu yake bado iko kwenye benchi. Hakuitazama.

Nilipopita dukani kwa fundi wa cherehani kaniita: "Wewe wa kabati, njoo." Nikajua nasemwa. Akaniuliza jina. Nikamtajia. Akalirudia mara mbili, polepole, kama anayeshika kitambaa kujua uzito wake. Akasema ni jina zuri, mbona nalitamka kama naomba radhi. Kisha akaendelea kushona.

Nimetembea mpaka nyumbani nikilitamka. Kwa sauti ya tumboni.

Nawaza wale waigizaji. Labda mmoja wao, popote alipo, jana alasiri alihisi kitu bila kujua ni nini: ukumbi mzima wa watu asiowajua ukimsemea. Natamani kumwambia. Sijui hata jina lake. Nimetazama picha ile mara zote hizo na sikuwahi kuyasoma yale majina madogo ya mwisho. Hata mimi!

Jumatatu, 10 Machi

Nimekaa chini kufikiri kwa makini kwa nini Jumamosi ilifanikiwa. Mtu lazima ajifunze.

Jibu nimelipata. Ni bango! Watu walijaa kwa sababu ya stelingi. Yaliyofuata yalifuata.

Radi sauti imerudi, lakini mjomba kasema tutatafsiri wote pamoja, na picha nichague mimi. Nimeshachagua. Watu tisa wasiojulikana kwenye shamba la maua, wote wazuri ajabu, na mbwa mmoja. Mjomba katazama mwanzo, kafurahi, halafu kauliza lile swali. Binamu kashika brashi, anasubiri. Radi nyuma yake kanikazia macho, anatikisa kichwa taratibu.

Nilifungua mdomo niseme hakuna.

Nikasema: mbwa.

Mbwa anakufa kabla majina ya mwanzo hayajaisha kupita. Lakini safari hii nimejipanga. Amelala tu. Na lile shimo wanalochimba bustanini? Wanapanda mche. Nani atajua?