Matufaha Ishirini Kando ya Jiko la Kiyoe

Jumatatu, 3 Februari
Theluji hadi dirishani. Kikao cha ghala. Familia tano tunahifadhi matufaha yetu katika chumba kimoja cha baridi, nami ndiye msimamizi. Kiyoe, mjane wa mdogo wangu, kasimama na kusema yatababuka ngozi yakitolewa. Eti vuli ilikuwa na joto, tena tulichuma mapema mno. Siku ya kuchuma niliipanga mimi. Ametoa ishirini, atayaweka kando ya jiko lake wiki nzima, joto liutoe ugonjwa mapema. Yakianza kutoa madoa, tuuze yote sasa, yaliwe kabla hayajababuka. Mimi nataka tungoje Aprili, bei ipande. Nikasema nina miaka thelathini natazama matufaha. Akajibu, "Shemeji, ugonjwa huu ukiuona kwa macho, umeshachelewa." Watu wakacheka.

Alhamisi, 6 Februari
Nimempelekea figili za chumvi. Kisingizio. Manne yana madoa, kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Kiyoe yuko juu ya paa, anaondoa theluji. Koti langu lina mifuko mikubwa. Manne yakatoka, manne safi ya ghalani yakaingia. Ushahidi nimeula njiani. Ndani matamu kabisa.

Jumapili, 9 Februari
Tisa yana madoa! Mifuko haikutosha, mengine nikayatia kifuani. Kiyoe kashuka paani ghafla, akauliza nina nini. Nikasema tumbo limevimba. Akaniketisha, akanipikia uji wa mchele, akasimama hadi nikamaliza bakuli.

Jumanne, 11 Februari
Kikao tena. Ishirini mezani, safi. Kiyoe aliyageuza moja moja. Kisha akainama mbele ya wote, akasema alikosea. Nilitazama kando. Mzee Sasamori, miaka themanini na moja, mwenye nusu ya masanduku, aliniuliza mara tatu kama nina hakika tungoje Aprili. Mara tatu nikasema ninayo.

Jumatatu, 14 Aprili
Tumefungua ghala. Mekundu, yanang'aa! Nimetoa hotuba. Kiyoe hakupiga makofi.

Alhamisi, 17 Aprili
Yamebabuka. Sanduku baada ya sanduku, kahawia tupu. Wanunuzi wamerudisha lori zima. Yataishia kiwanda cha juisi, kwa bei ya kutupa. Mzee Sasamori alishika moja, akalipangusa kwa kiganja kana kwamba ni vumbi. Akasema tu, "Nilikuuliza, Osanai." Nikamwambia ndani ni matamu.

Ijumaa, 25 Aprili
Msumeno tangu asubuhi. Sasamori anakata miti aliyoipanda babake. Hana nguvu ya msimu mwingine, kasema. Kiyoe anamsaidia kufunga matawi. Nilikwenda nisaidie, Kiyoe akaichukua kamba mkononi mwangu, akaendelea kufunga. Nimerudi, nimefunga madirisha. Bado nausikia.

Jumatano, 30 Aprili
Ghala kapewa Kiyoe. Sawa. Leo kapita nyumba kwa nyumba: alfajiri jalidi itashuka, umande ugande uwe barafu, maua yameanza kuchanua, tuwashe moto bustanini. Nimetazama mbingu. Haitashuka. Kipimajoto cha bustanini kilikuwa kinawatisha watu bure, kwa hiyo nimekichukua, nimekitundika jikoni kwangu. Hapa kinaonyesha joto zuri tu.