Mlinzi wa Seli na Ndoo ya Bakari

Jumanne, 12 Machi 2013

Kumbe hata mwilini kuna mlinzi! Kanieleza Eugene, yule Mkenya wa kitanda cha juu anayesomea mtihani wa unesi. Anasema ndani ya kila seli kuna protini iitwayo p53. Seli ikiharibika, bwana huyo anaingia chumba cha maagizo na kuwasha jeni. Ya kwanza: simama, usizaliane. Ya pili: jirekebishe. Ukishindwa, jiue. Bila yeye seli zinaongezeka bila kibali, ndiyo saratani.

Simama, rekebisha, ufe. Mimi huyo!

Ijumaa mudiri, yaani bosi wetu, anakuja hapa kambi ya wafanyakazi kuchagua mlinzi wa kibanda kipya cha geti kubwa. Kibanda kina AC! Tupo wawili, mimi na Athanas wa Songea. Mimi geti la nyuma, jua limenikausha kama dagaa. Sasa atauona ulinzi wa kisayansi.

Jumatano, 13 Machi

Nimezisimamisha ndala za Athanas mlangoni. Mkanda umekatika. Nikaamuru zijirekebishe. Athanas akauliza, babu, tangu lini ndala zina masikio? Hazikutii. Nikazitupa. Kaenda kuoga pekupeku!

Eugene kaniomba nipunguze. Anasema hata p53 ana mwenzake wa kumla wakati wa amani, asije akazidisha. Nikamwambia namjua, anatoka Songea.

Ijumaa, 15 Machi

Asubuhi nimekagua jiko. (Mimi sipiki. Tangu nizaliwe chakula kinanifuata.) Dirishani ndoo ya Bakari, mpishi wetu wa Tanga, imefunikwa kitambaa. Kitambaa kinapanda! Nikachungulia. Kitu cheupe, laini, kinapumua. Nikakipiga ngumi, simama! Kikanywea. Nikaenda msikitini kifua mbele.

Narudi, kimekuwa kikubwa kuliko mwanzo! Hakisimami, hakirekebishiki. Nikakisomea hukumu. Maji ya moto na sabuni ya unga. Eugene alisema seli hufa kwa adabu, inajikunja, majirani wanakula mabaki. Hiki kilitoa povu hadi kwenye ngazi.

Bakari akapiga yowe utadhani kafiwa. Kumbe ule unga wa maandazi ya mudiri! Mudiri kanywa chai kavu, akauliza nani kafanya. Athanas akaninyooshea kidole. Mchongezi! Kibanda kapewa yeye.

Eugene akaja kunifariji. Kasema kwenye saratani nyingi, aliyeharibika ni p53 mwenyewe. Yupo kazini, amri anazisoma kichwa chini miguu juu, na hajui. Akaniangalia muda mrefu. Nikageuka nyuma kuona anamwangalia nani. Alikuwepo Athanas. Nikasema kweli kabisa, maskini.

Jumamosi, 16 Machi

Geti la nyuma. Jua. Athanas kule ndani kajifunga blanketi, eti AC kali.

Lakini kazi haijaisha. Wakati wa chakula cha mchana nimepita jikoni. Bakari kaweka dengu kwenye beseni la maji. Alfajiri zilikuwa nusu beseni, nimeziona kwa macho yangu. Sasa zimefika ukingoni, moja imeshadondoka sakafuni, inatoroka.

Hazina kibali. Nimeziambia simama mara tatu, kwa sauti ya kazi.

Birika limeanza kuchemka.